Gari la kuvuta trela huchaguliwa mlangoni, si kwenye tangazo

Mhariri,

Kila pikapu mpya inapotangazwa, namba moja hupigiwa tarumbeta kuliko zote: inavuta tani tatu na nusu, inavuta tani nne na nusu. Mtu anayetafuta gari la kuvuta trela la kulala, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, huikariri namba hiyo, huenda nayo kwa muuzaji, hulipa. Siku ya safari anafunga trela na kukuta gari limeketi nyuma, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, na usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Anarudi kwenye karatasi za trela na kuona halijazidi namba ya tangazo hata kidogo. Kilichozidi ni namba nyingine, ambayo tangazo halikuitaja. Tunaomba nafasi tuitaje sisi.

Namba hiyo ni mzigo ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Trela lina ekseli zake zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wake, lakini pua yake, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, hulalia gari. Kwa matrela makubwa ya kulala yanayofungwa kwenye boli, lile tufe la chuma nyuma ya bampa, uzito wa pua unaofaa ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela likiwa limeshapakiwa. (Matrela mepesi ya Ulaya huundwa kwa pua nyepesi zaidi, kwa hayo fuata kibati cha mtengenezaji.) Uzito wa pua ni mzigo kama mzigo mwingine wowote, sawa na kupanga mifuko ya saruji nyuma ya gari, tena mahali pabaya kuliko pote, nje kabisa ya ekseli.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Magari ya soko la Marekani huwa na stika inayosema abiria na mizigo kwa pamoja visizidi kilo kadhaa. Mengine huwa na kibati chenye namba nne zilizopangana: uzito wa juu wa gari, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, mzigo wa juu wa ekseli ya mbele, na wa ekseli ya nyuma. Kama namba ya mzigo haikuandikwa, chukua uzito wa juu wa gari, toa uzito wa gari tupu lenye mafuta tangi zima. Kinachobaki ndicho chako, na humo wamo watu, mbwa, maboksi, na pua ya trela.

Tufanye hesabu. Trela likishapakiwa lina kilo 3,000, pua yake ni asilimia 13, yaani kilo 390. Tangazo linasema pikapu inavuta kilo 4,500, kwa hiyo mnunuzi anajiona ana ziada ya tani moja na nusu. Stika ya mlangoni inasema kilo 720. Weka pua, 390. Weka kiungio cha kugawa uzito kati ya ekseli za gari na za trela, ambacho chenyewe ni chuma cha kilo 40 hivi. Weka watu wanne wa kilo 75, jumla 300. Umefika 730. Gari limezidiwa kabla hujaweka jenereta, sanduku la barafu wala jeki ya akiba, na ile tani moja na nusu ya tangazo haikusaidii chochote.

Hapa kuna jambo linalowakwaza wengi: magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana mzigo kwa zaidi ya kilo 200. Viti vya umeme, paa la kioo, magurudumu makubwa, mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, injini nzito ya dizeli, vyote hivyo hukatwa kwenye mzigo wako. Mara nyingi gari la daraja la juu kabisa, lenye ngozi na skrini kubwa, ndilo linalobeba kidogo kuliko yote katika familia yake. Ndiyo maana kuchagua kwa kusoma kijitabu cha matangazo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Soma stika ya gari lile lile utakaloondoka nalo. Kisha toa uzito wa kila kilichofungwa baada ya kiwandani: bampa la chuma, winchi, kifuniko cha bodi, betri ya pili, droo za nyuma.

Mtego wa pili uko kwenye uzito wa pamoja. Chukua pikapu ya kati yenye uzito wa juu wa kilo 3,050, uwezo wa kuvuta kilo 3,500, na uzito wa pamoja wa kilo 5,850. Funga trela la kilo 3,500. Kwa gari zimebaki 2,350. Gari tupu ni 2,150. Dereva, mwenzake, chuma cha kuvutia na begi moja, kilo 200 zimekwisha. Namba zote tatu ni za kweli, ila haziwezi kuwa za kweli siku moja.

Uwezo wa kuvuta wenyewe nao hupimwa gari likiwa karibu tupu. Watengenezaji wakubwa wa pikapu za Marekani hufuata kipimo kiitwacho SAE J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukitumia kwenye magari yake ya mwaka 2011. Ni kipimo kizuri: gari hupandishwa mlima mrefu wenye joto kali karibu na bwawa la Davis kule Arizona, kiyoyozi kikiwa wazi hadi mwisho, na pikapu ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Lakini ndani wamehesabiwa watu wawili tu, wa kilo 68 kila mmoja. Familia ya watu watano haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo anza na trela, gari lifuate. Uzito wa trela tupu ulioandikwa kwenye tangazo la trela usahau kabisa, kwa sababu halitavutwa tupu hata siku moja. Tangi la maji la lita 150 ni kilo 150. Mitungi miwili ya gesi, betri, sufuria, godoro, nguo, viti vya kukunja, turubai la kivuli, na kiyoyozi alichofunga mwenye trela aliyetangulia, vyote havikuwamo kiwandani. Fanya hesabu kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha trela, kisha tafuta gari ambalo kwa hesabu hiyo linabaki na nafasi. Sisi hushauri asilimia 20 ya kila kikomo ibaki bila kuguswa. Wapo wanaosema hiyo ni tahadhari ya kizee. Lakini gari linalopanda mlima kwa asilimia 100 ya uwezo wake halina akiba ya kukwepa lori lililosimama ghafla.

Kwa nini tusipunguze uzito wa pua, tuokoe mzigo wa gari? Kwa sababu pua nyepesi ndiyo inayoangusha matrela. Uzito ukirudi nyuma ya ekseli, trela huanza kupiga mkia: upepo wa lori linalopita unalisukuma kidogo, linarudi, linapitiliza, na kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Baiskeli na kibebeo chake, kilo 60, zikiningʼinia mita 4 nyuma ya ekseli ya trela ambalo boli yake iko mita 6 mbele, huiondolea pua kilo 40. Trela la kilo 2,000 lililokuwa na pua ya asilimia 11 sasa lina asilimia 9, na dereva haoni tofauti yoyote mpaka afike mteremkoni.

Uzito wa pua hupimwa kwa mizani ya bafuni, ile ya kupimia watu, bila kuivunja. Pakia trela kama la safari, liegeshe pasawa, zuia matairi yake kwa magogo. Weka mizani chini, na kando yake tofali la kimo hicho hicho. Juu ya kila kimoja weka kipande cha bomba, kisha laza ubao mnene juu ya mabomba yote mawili, umbali kati yao uwe sentimita 120. Soma mizani ubao ukiwa peke yake, uandike. Sasa shusha jeki ya pua juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la tofali, yaani 90 kutoka bomba la mizani. Soma tena, toa ile ya ubao, zidisha kwa 4. Mizani ikionyesha 95 baada ya kutoa, pua ina kilo 380. Jeki huwa nyuma kidogo ya boli, kwa hiyo jibu lako litazidi ukweli kwa kilo chache. Hilo halina madhara.

Sasa turudi kwenye gari, tuone kilo hizo zinafanya nini. Boli haiko juu ya ekseli ya nyuma, iko nyuma yake. Tuseme iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3.2. Pua ya kilo 350 hulifanya gari kuwa pembea: ekseli ya mbele huinuliwa kwa kilo 131, na ekseli ya nyuma hupokea 350 pamoja na zile 131, jumla 481. Usukani mwepesi na breki za mbele zisizoshika vizuri chanzo chake ni hapo. Gari lenye umbali mrefu kati ya ekseli na mkia mfupi hupunguza pembea hiyo, na pia trela hulisukuma kwa shida zaidi pembeni. Pikapu ndefu hushinda gari fupi la mbio za matope hata injini zikiwa sawa. Kwa trela la mita 7 na kuendelea, gari fupi liache liendelee na matope yake.

Kiungio cha kugawa uzito, kile chenye vyuma viwili vinavyokazwa kwa minyororo au mabano, huirudisha mbele sehemu ya uzito na nyingine huipeleka kwenye ekseli za trela. Kwenye matrela mazito ya mtindo wa Marekani ni kitu cha lazima. Tazama stika iliyo kwenye chuma cha kuvutia chenyewe, chini ya bampa: nyingi zina namba mbili, moja bila kiungio hicho na nyingine ukiwa nacho. Pikapu inayotangazwa kuvuta tani nne huweza kuruhusiwa kilo 2,270 tu, na 227 za pua, pasipo kiungio. Kukipima ni rahisi. Pima kimo cha upinde wa tairi la mbele kabla ya kufunga trela, pima baada ya kufunga, kisha kaza vyuma hadi angalau nusu ya kile kilichopanda kishuke, au kadiri kitabu cha gari kinavyotaka. Usikaze hadi mbele iwe chini kuliko ilivyokuwa tupu, maana hapo nyuma itakosa mshiko kwenye lami yenye maji. Na kabla ya kukinunua hakikisha gari lako linakiruhusu, kwani baadhi ya watengenezaji hukikataza.

Tunaomba hapa tuwe wakali kidogo. Kuongeza jani la springi au kufunga mapulizo ya hewa, ile mifuko ya mpira inayojazwa upepo kati ya ekseli na chasisi, hakuongezi uwezo wa gari kubeba. Gari litakaa sawa machoni, stika ya mlangoni itabaki ile ile, na ekseli, beringi, breki na chasisi ni zile zile. Tena mapulizo yana hatari yake: springi ya majani hugawa mzigo kwenye chasisi mbele na nyuma ya ekseli, pulizo hulisukuma pointi moja katikati. Ukiwa na mzigo mkubwa nyuma kabisa na barabara ya mashimo, chasisi hupinda juu ya pulizo. Pikapu za milango minne, zenye bodi fupi na mkia mrefu, ndizo zinazokutwa zimepinda nyuma ya kabini.

Matairi hupitwa kirahisi. Pembeni mwa tairi kuna namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120, 115 ni kilo 1,215, 121 ni kilo 1,450. Mawili ya 112 nyuma hubeba kilo 2,240, na hapo ni kwa upepo kamili, si ule wa kustarehesha safari ya mjini. Pikapu nyingi huondoka kiwandani na matairi laini ya abiria. Ukibadilisha ya malori mepesi, ukuta wa tairi ni mgumu zaidi na gari huacha kuyumba kiuno likipishana na mabasi. Ya trela yachunguze tarehe. Trela husimama miezi juani, mpira huoza meno yakiwa bado mapya, na tairi la miaka sita lisiende safari ndefu hata kama linangʼaa.

Injini watu huijadili kuliko yote, nasi tutaipitia upesi. Dizeli yenye tabo huvuta kwa mizunguko midogo na haipotezi nguvu sana milimani. Petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Petroli ni nyepesi, hivyo mara nyingi gari lake linabaki na mzigo mkubwa zaidi. Difu yenye uwiano wa gia wa 3.73 au 4.10 huvuta kwa urahisi kuliko ya 3.31, ila giaboksi za gia nane au kumi zimepunguza tofauti hiyo. Kinachoua giaboksi ya otomatiki ni joto. Tafuta gari lenye rejeta ya mafuta ya giaboksi na geji ya joto lake. Mafuta yakipita nyuzi 120 yanazeeka haraka, kwa hiyo punguza mwendo, shuka gia, na usiiache giaboksi ikirukaruka kati ya gia mbili. Kumbuka pia kwamba trela la kulala ni ukuta unaosafiri. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 56. Trela refu la kilo 2,000 hulichosha gari kuliko trela bapa la mashine lenye uzito huo huo, na baadhi ya vitabu vya magari huweka kikomo cha eneo la mbele la trela. Soma.

Breki ndizo tusizokubali mjadala. Breki za gari zimeundwa kulisimamisha gari, trela lijisimamishe lenyewe. Kwa breki za umeme, chagua kidhibiti kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuzipa breki za trela nguvu kwa kiasi hicho. Vile vya bei nafuu hupeleka umeme ule ule, ukigusa breki taratibu au ukikanyaga hadi chini. Kukiweka sawa: barabara kavu, tambarare, tupu, mwendo wa 40 kwa saa, bana kile kitufe cha mkono kilicho kwenye kidhibiti, kinachowasha breki za trela peke yake, hadi mwisho. Matairi ya trela yakijifunga na kuburuta, punguza. Yakivuta kwa nguvu bila kuburuta, acha hapo. Rudia trela likiwa tupu na likiwa limepakiwa, namba hazitakuwa sawa. Waya wa dharura unaowasha breki trela likichomoka ufungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye boli wala kwenye mnyororo, la sivyo utachomoka pamoja navyo. Betri ya trela ikiwa imekufa, waya huo hauna kazi. Minyororo ya usalama ipishane chini ya pua kama msalaba ili pua ikianguka idakwe.

Na trela likianza kupiga mkia? Usikanyage breki za gari, usishindane nalo kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, bana kitufe cha breki za trela peke yake. Kisha simama mahali salama utafute sababu, kwani iko: pua nyepesi, upepo mdogo wa matairi, pua iliyoinuka juu kuliko mkia, au mwendo.

Anayenunua gari lililotumika apite chini na tochi. Tazama chuma cha kuvutia mahali kilipoungwa na chasisi: rangi iliyopasuka mstari mwembamba wenye kutu ni ufa. Angalia chasisi nyuma ya kabini, na pengo kati ya kabini na bodi. Likiwa pana juu kuliko chini, chasisi imeshapinda. Vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo: mekundu au ya asali ni sawa, meusi yenye harufu ya kuungua achana na gari hilo. Fungua plagi ya nyaya za trela. Ukikuta zimeungwa kwa kusokota na utepe, panga gharama ya kuzivuta upya zote. Kisha, kabla ya safari ya kwanza, peleka gari na trela mizani, pima ekseli moja moja, mara ya kwanza gari peke yake na watu wake, mara ya pili likiwa na trela.

Mhariri, ombi letu kwa ukurasa wenu wa magari ni dogo. Kila mnapochapa uwezo wa kuvuta wa gari, chapeni chini yake uzito wa gari tupu, uzito wake wa juu, na uzito wa juu wa pamoja. Ni mistari miwili tu.

Mafundi na madereva wa magari ya kuvuta trela